Skrini Arobaini Hazijibu Swali

Zoezi la usanifu ni kazi ndogo ambayo mwajiri humpa mwombaji wa nafasi ya usanifu wa programu na huduma za kidijiti, ili amwone akifikiri kabla hajamwajiri. Huja kwa sura mbili. Ya kwanza hufanyika mbele ya jopo la usaili, ubaoni, kwa muda wa saa moja hivi. Ya pili mwombaji hupewa akaifanyie nyumbani kwa siku kadhaa, kisha arudi na wasilisho. Fani yenyewe ni usanifu wa uzoefu wa mtumiaji, ambao kazini huitwa UX tu. Ilianza kujulikana kwa jina hilo Donald Norman alipoingia kampuni ya Apple mwaka 1993 na kuchukua cheo chenye maneno hayo.

Kuhusu zoezi la nyumbani kuna imani iliyoota mizizi miongoni mwa waombaji, wakufunzi wa kozi fupi na hata waajiri: kwamba anayefanya kingi ndiye anayepata kazi. Kwa imani hiyo, jibu zuri lina kurasa sitini. Lina watumiaji watatu wa kubuni, kila mmoja na picha yake, umri wake na kinywaji anachokipenda. Lina ramani ya safari ya mtumiaji, vikaratasi vya rangi vilivyobandikwa ukutani, mchoro wa almasi mbili, skrini arobaini zilizonakshiwa, na mwisho kabisa sampuli inayobofyeka kana kwamba programu imekwisha kuingia sokoni. Aliyeleta skrini nne ataonekana mvivu. Aliyerudi na swali ataonekana hajaelewa.

Imani hii imekosea tangu msingi. Zoezi la usanifu linapima uamuzi, na uamuzi hauongezeki kwa kuongeza kurasa. Kila skrini iliyowekwa bila sababu inazidi kuzificha zile mbili tatu ambazo mwombaji alilazimika kuchagua kitu kimoja na kuacha kingine. Jopo lisipoziona hizo, limebaki kupima wepesi wa mkono wa mtu na urefu wa wikiendi yake.

Chukua zoezi ambalo kampuni yoyote ya huduma za kifedha yaweza kulitoa, Dar es Salaam au Nairobi: "Wateja wetu wanatuma pesa kwa namba isiyo sahihi. Buni suluhisho." Sentensi mbili, basi. Mwombaji aliyelelewa katika imani ya wingi hamalizi kuzisoma kabla hajafungua Figma, programu ya kuchorea skrini. Atachora ukurasa wa mwanzo wenye salio, orodha ya wapokeaji na picha zao za duara, msimbo wa kuskani, grafu ya matumizi ya mwezi, na mandhari ya giza kwa wanaotumia simu usiku. Kazi itapendeza. Mtu mwenye jicho zuri atapanga nafasi vizuri, atachagua rangi zinazosomeka juani, atahakikisha kidole gumba kinafika kwenye kitufe. Ila swali alilopewa atakuwa hajaligusa, kwa sababu hakujiuliza pesa inapoteaje.

Inapotea kwa njia zisizofanana. Kuna anayesomewa namba kwa sauti, barabarani, akageuza tarakimu mbili. Kuna mwenye "Mama Asha" wawili kwenye simu, mmoja wa mtaani na mmoja wa ukweni. Kuna namba iliyoachwa na mwenyewe zamani, ikauzwa upya na mtandao, sasa iko mikononi mwa mtu mwingine kabisa. Na kuna anayepokea ujumbe maarufu wa matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii", akatii kwa sababu kweli alikuwa anadaiwa. Huyu wa mwisho hakukosea tarakimu hata moja. Alichapa barabara namba aliyotaka kuichapa. Dawa ya kosa la kidole haimsaidii aliyetapeliwa, na onyo la utapeli litamchosha bure yule aliyegeuza tarakimu. Kwa hiyo sentensi mbili za zoezi zimebeba matatizo manne, na kazi ya kwanza ya msanifu ni kusema anashika lipi, kwa sababu gani, na anayaacha yapi kwa sasa. Ukurasa mmoja unatosha kwa hilo. Ndio ukurasa ambao mawasilisho ya kurasa sitini hayana.

Kisha kuna njia ya kutumia. Watu wengi katika Afrika Mashariki hutuma pesa kwa kupiga *150*00# kwa Vodacom ya Tanzania au *334# kwa Safaricom ya Kenya, na menyu inayofunguka haina rangi, picha wala kitufe. Ni maandishi matupu, na kwa kawaida ujumbe mmoja wa menyu za namna hiyo hauzidi herufi 182, nafasi zikiwemo. Picha za duara za wapokeaji hazimfikii mtu huyu. Msanifu anayemchagua atatakiwa kubana ndani ya herufi hizo kiasi cha pesa, jina la mpokeaji, tarakimu tatu za mwisho za namba, na chaguo mbili: kuendelea au kurudi. Kuandika ujumbe huo mmoja ukaeleweka kwa mtu aliyesimama foleni ya daladala ni kazi ngumu kuliko kuchora grafu ya matumizi ya mwezi, na ndani yake ndimo ustadi unapoonekana.

Hapo mwombaji makini atakutana na uamuzi wa kweli: jina la mpokeaji litokee wapi? Likija kabla ya namba ya siri, mtu analisoma akiwa bado hajajifunga. Likija baada yake, kidole kimekwisha kuzoea kwamba namba ya siri ndiyo mwisho, na macho hayasomi tena. Safaricom ilipoanzisha huduma iliyoiita Hakikisha, ilichagua njia ya pili: jina lilitokea baada ya namba ya siri, na mtumaji akapewa sekunde chache za kusimamisha muamala; akikaa kimya, pesa inakwenda. Uamuzi huo una hoja zake. Mtumaji aliyezoea hatua zilezile haongezewi kazi, na kwa huduma inayobeba miamala mingi kiasi kile, hatua moja iliyookolewa ni kitu kikubwa. Una gharama zake pia. Ukimya umegeuzwa kuwa idhini, na mzee asiyesoma haraka ananyang'anywa nafasi yake ya kukataa. Mwombaji anayeziweka hoja hizi mbili kwenye mizani na kuamua, hata akiamua tofauti na jopo, ameonyesha zaidi ya aliyechora skrini arobaini.

Suala la jina halijaisha. Nchini Tanzania laini za simu zilisajiliwa upya kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020. Asiyekuwa na kitambulisho alisajiliwa laini na mwanawe, mpwa au jirani. Matokeo yake, mtu anamtumia shangazi yake kijijini, na simu inamwonyesha jina la kijana asiyemfahamu, ilhali namba ni sahihi kabisa. Mara ya kwanza atasita na kupiga simu kuuliza. Mara ya tano atakuwa amejifunza kwamba jina halina maana, ataruka, na siku atakapokosea kweli, jina la mgeni halitamshtua. Suluhisho ambalo kila mtu angelitaja kwanza, yaani "onyesha jina", linajila lenyewe taratibu. Anayelijua hili anaweza kupendekeza jambo dogo na lenye nguvu zaidi: mfumo umwambie mtumaji kwamba hajawahi kutuma kwa namba hii, na umwongezee hatua moja ya kuhakiki hapo tu, huku namba alizozizoea zikipita bila bughudha. Sasa ameibua gharama mpya. Kila hatua inayoongezwa katika menyu ya aina hii huongeza uwezekano wa muunganisho kukatika katikati, na ukikatika, mtumaji hajui pesa imekwenda au haijaenda. Akirudia, huenda ametuma mara mbili. Jibu kamili lazima liseme kinachotokea hapo.

Hesabu iliyobaki ni skrini tatu za maandishi, maelezo ya uamuzi mmoja, na orodha fupi ya dhana ambazo mwombaji hakuweza kuzithibitisha. Kwa macho ya imani ya wingi hiyo ni kazi pungufu. Kwa anayejua biashara hii ni kazi ya mtu wa kuajiriwa kesho.

Historia ya M-Pesa, huduma iliyo nyuma ya menyu hizo za Vodacom na Safaricom, inaonyesha kwa nini swali linatangulia skrini. M-Pesa haikubuniwa iwe njia ya kutumiana pesa. Jaribio lake lilianza Kenya Oktoba 2005, likiendeshwa na Vodafone na Safaricom pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, sehemu ya fedha ikitoka kwa serikali ya Uingereza. Lengo lilikuwa wakopaji warejeshe mikopo yao kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie, waliouongoza mradi kwa upande wa Vodafone, waliandika baadaye kwamba wateja wa jaribio, ambao hawakuzidi mia tano hivi, walianza kuitumia huduma kwa mambo ambayo hayakupangwa. Wapo waliowalipia wenzao. Wafanyabiashara waliweka humo fedha za mauzo baada ya benki kufungwa. Wasafiri waliingiza pesa mji mmoja na kuzitoa mwingine saa chache baadaye, ili wasitembee na noti mfukoni. Timu ilipoona hayo ililiacha swali la mikopo, ikabadilisha huduma, na Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa kwa ahadi ya kutuma pesa nyumbani. Lau timu ile ingesifiwa kwa ukamilifu wa skrini za kurejesha mikopo, ingezikamilisha kwa ufanisi mkubwa.

Watetezi wa wingi wana jibu: kurasa nyingi, wanasema, zinaonyesha mchakato, na jopo linataka kuona mchakato. Sehemu ya pili ya jibu hilo ni kweli. Ya kwanza ndiyo yenye kasoro, kwa sababu kinachoonyeshwa mara nyingi ni mavazi ya mchakato. Mchoro wa almasi mbili ulitolewa na Design Council ya Uingereza mwaka 2005 kueleza jambo la maana: kwamba msanifu hupanua mawazo kisha huyabana, mara moja kuhusu tatizo na mara ya pili kuhusu suluhisho. Kuubandika kwenye ukurasa wa nne wa wasilisho hakuthibitishi kwamba kuna aliyepanua wala aliyebana chochote. Ushahidi wa kupanua ni suluhisho tatu tofauti zilizochorwa kwa kalamu. Ushahidi wa kubana ni sababu iliyoandikwa ya kuzitupa mbili. Mawasilisho marefu yanazo almasi. Suluhisho zilizotupwa hazionekani, kwa kuwa mwandishi wake anaona haya kuonyesha kitu ambacho hakikukamilika.

Watumiaji wa kubuni nao wamepatwa na yaleyale. Alan Cooper alieneza mbinu hiyo kwa kitabu chake cha mwaka 1999, na alikusudia wahusika hao watokane na mahojiano na watu halisi, wawe muhtasari wa kilichosikika. Mwombaji ambaye hajazungumza na mtu yeyote, kisha akaandika kwamba "Neema, miaka 27, anapenda teknolojia na hana muda", amejiandikia ruhusa ya kufanya alichokuwa anataka kukifanya. Ni fundi cherehani anayeleta mashati kumi bila kumpima mteja hata mmoja. Angekuwa mkweli zaidi angeandika: hakuna aliyehojiwa, zifuatazo ni dhana, na hii ndiyo ambayo ikiwa si kweli suluhisho lote linaanguka. Maneno hayo matatu manne yana thamani kuliko picha ya Neema akitabasamu, maana yanamwambia mwajiri kwamba mtu huyu akipewa bajeti ya kampuni atajua aanzie wapi kuuliza.

Na kuuliza si kazi ya wiki. Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba kujaribu sampuli na watu watano hufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya matumizi, kwa kuchukulia kwamba mtu mmoja hukutana na wastani wa asilimia 31 ya matatizo yote, wastani uliotokana na miradi ambayo yeye na Thomas Landauer waliichunguza. Kwa hesabu hiyohiyo, watu watatu hufichua karibu theluthi mbili. Wastani huo haufai kila mradi, na umebishaniwa sana, lakini hata ukipunguzwa nusu bado unamtosha mwombaji. Akiandika menyu yake kwenye karatasi, akamwomba wakala wa mtaani, mama lishe na konda waifuate kwa zamu, jioni moja itampa kitu ambacho skrini arobaini haziwezi kumpa: mahali ambapo mtu alisita, na alichosema alipokuwa anasita. Ripoti ya "watumiaji wawili kati ya watatu walidhani chaguo la 2 linafuta namba" inapaswa kupata alama nyingi kuliko sampuli nzima inayobofyeka. Kwamba mara nyingi haipati ni aibu ya wanaosahihisha.

Hoja nyingine ya upande wa pili ni nzito zaidi, kwa kuwa ina sura ya sayansi. Inasema kuwa hakuna kipimo cha mwajiriwa kinachoshinda kumpa kazi yenyewe aifanye, na hivyo zoezi kubwa ni kipimo bora kuliko dogo. Kwa miaka mingi hoja hiyo iliegemea uchambuzi wa Frank Schmidt na John Hunter wa mwaka 1998, uliokusanya tafiti za miaka 85. Humo, majaribio ya kazi halisi yaliongoza kwa kiwango cha uwiano cha 0.54 na utendaji wa baadaye, yakiupita hata usaili uliopangwa, uliopata 0.51. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walirudia hesabu hizo kwa kurekebisha makosa ya kitakwimu waliyoyaona. Majaribio ya kazi yakashuka hadi 0.33, na usaili uliopangwa, ambao kila mwombaji huulizwa maswali yaleyale na kupewa alama kwa vigezo vilevile, ukawa juu kabisa kwa 0.42. Majaribio ya kazi bado yana thamani, hilo halina ubishi. Ila ubora wake wa kupita vipimo vyote, ambao ndio unaotajwa kila mwajiri anapotaka kuhalalisha zoezi la wiki nzima, hauna tena mahali pa kusimama.

Isitoshe, jaribio la kazi linalostahili jina hilo huwa na masharti sawa kwa wote: muda mmoja, zana zilezile, vigezo vya alama vilivyoandikwa kabla. Zoezi la nyumbani lisilo na ukomo linavunja sharti la kwanza siku ya kwanza. Mwajiri anaandika "tumia saa nne". Mwombaji asiye na kazi wala mtoto anatumia thelathini. Mwenye ajira na kichanga anatumia saa nne alizoambiwa, usiku, akisinzia. Jopo linapokea kazi mbili na kuzilinganisha kana kwamba zilitoka chumba kimoja cha mtihani. Aliyetii maelekezo ndiye anayeadhibiwa. Eti kinachopimwa ni ari! Ari ya mtu haipimwi kwa kuangalia nani hana mgonjwa nyumbani wala bosi anayempigia Jumamosi.

Tangu zana za akili unde zilipoanza kuchora skrini kwa maelezo ya sentensi moja, hoja ya wingi imezidi kupoteza nguvu. Skrini ambazo zamani zilimgharimu mwombaji usiku mzima sasa hutoka kwa dakika, zikiwa na pembe zilizochongwa na vivuli mahali pake. Zana hizo zikiambiwa zitengeneze programu ya kutuma pesa, zitatoa kile ambacho kimeonekana mara nyingi duniani: salio, picha za duara, grafu ya mwezi. Zisipoambiwa habari za shangazi mwenye laini ya mpwa, hazitazifikiria. Mwajiri anayeendelea kutoa alama kwa idadi ya skrini ananunua kwa bei ya juu kitu kilichokwisha kushuka bei.

Inabaki hoja ya vitendo, na ndiyo inayowauma waombaji zaidi. Msimamizi wa ajira ana mafaili thelathini na mchana mmoja. Atapekua haraka, na jicho hushikwa na kinachong'aa. Kwa nini basi mtu ajinyime nakshi? Jambo hili ni kweli kwa kiasi, na asiyelikubali anawadanganya vijana. Kazi chafu, yenye maandishi yasiyosomeka na mistari iliyopinda, itawekwa kando kabla hoja yake haijasomwa, na ni haki, kwa sababu msanifu asiyeweza kupanga ukurasa wake mwenyewe hana dai juu ya ukurasa wa mteja. Lakini usafi na wingi ni vitu viwili. Skrini tatu zaweza kung'arishwa vizuri kuliko arobaini, na kwa muda mfupi zaidi. Tena, msomaji mwenye haraka ndiye anayehitaji zaidi uamuzi uwekwe mbele: tatizo lililochaguliwa, suluhisho, sababu, na kilichoachwa, vyote katika kurasa mbili za kwanza. Wasilisho la kurasa sitini linamlazimisha mtu wa haraka aruke kurasa, na atakachokiruka hakichagui mwandishi.

Waombaji wapya wasio na jalada la kazi hudhani wao hawahusiki na haya. Kwamba wenye uzoefu wanaweza kuleta kidogo, lakini anayeanza lazima athibitishe anajua kila mbinu. Ni kinyume. Mwenye uzoefu akileta zoezi baya bado ana kazi zilizoko sokoni za kumtetea. Mpya ana zoezi hili tu, na jopo litamhoji juu ya kila alichokiweka humo. Mbinu kumi alizozitumia juujuu ni milango kumi ya kuulizwa maswali asiyo na majibu yake. Hata kitabu cha Artiom Dashinsky cha mwaka 2018 kuhusu mazoezi ya aina hii, ambacho waombaji wengi hukitumia kujiandaa, hakianzi na skrini. Kinaanza na kwa nini na kwa ajili ya nani, kisha wakati na mahali, na kuchora huja karibu na mwisho, baada ya mawazo kupangwa kwa umuhimu na mengi yake kuwekwa kando. Wasomaji wake, inaelekea, hufungua sura ya mifano kwanza.

Kwa upande wa mwajiri, kurekebisha hali hakuhitaji fedha nyingi. Zoezi liwe na ukomo unaosimamiwa: saa mbili, kwa kikao kilichopangwa, au kwa saa ambazo mwombaji anajichagulia lakini faili linafungwa zikiisha. Vigezo vya alama viandikwe na vipelekwe kwa mwombaji pamoja na swali, ili ajue kama anapimwa kwa uandishi wa maneno ya kiolesura, kwa mantiki ya hatua, au kwa umbo. Maswali ya mwombaji yajibiwe, na ubora wa maswali hayo upewe alama zake. Katika zoezi la namba isiyo sahihi, anayeuliza "wateja wangapi hutumia menyu na wangapi programu?" amekwisha kujionyesha kabla hajachora mstari. Zoezi likizidi nusu siku, lilipwe. Na tatizo lisiwe lile ambalo kampuni inalishughulikia wiki hiyohiyo. AIGA, chama cha wasanifu cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1914, kimeonya kwa miaka mingi dhidi ya kazi inayofanywa bure kwa matumaini ya kulipwa, na zoezi la kuboresha ukurasa wa malipo wa kampuni inayoajiri halitofautiani sana na kazi hiyo, hata likiitwa mtihani.

Mwombaji naye si mnyonge kiasi anachodhani. Anaweza kuuliza kabla ya kuanza: nani atasoma, kwa vigezo gani, na je, kazi itatumika? Akipewa zoezi pana kupita kiasi, anaweza kulipunguza mwenyewe na kuandika wazi amelipunguza wapi. Huo ni uamuzi wa kisanifu kama mwingine wowote. Wapo waajiri watakaomkata kwa sababu hiyo. Hao ndio ambao, akishaajiriwa, watampelekea kila Ijumaa jioni orodha ya skrini za Jumatatu.

Siku ya wasilisho ndiyo inayotenganisha kazi za aina mbili kwa uwazi kuliko siku nyingine yoyote. Mjumbe mmoja wa jopo akiuliza "ungefanya nini kama mtumaji hasomi Kiswahili vizuri?" au "kwa nini hukutumia msimbo wa kuskani?", mwenye skrini arobaini huanza kuperuzi akitafuta ukurasa ambao huenda ulilijibu. Mwenye tatu anajua alichokiacha, kwa sababu alikiacha kwa makusudi: msimbo wa kuskani unadai simu yenye kamera mkononi mwa anayeskani, na mtumaji aliyemchagua hana. Mjumbe akimbana zaidi, akaleta taarifa mpya kwamba nusu ya wateja wa kampuni sasa wanazo simu janja, mwombaji huyo anaweza kubadili uamuzi palepale, akaonyesha ni skrini ipi ingeondoka na ipi ingeingia. Jopo lenye busara huacha nusu ya muda wa kikao kwa ajili ya mabadilishano hayo na kutoa alama nyingi hapo, kwa kuwa ndiyo sehemu ya zoezi ambayo haiwezi kuazimwa, kununuliwa wala kutengenezwa na zana usiku wa kuamkia usaili.

Baada ya usaili, kazi iliyofanywa bila malipo na bila mkataba unaosema vinginevyo mwombaji aichukulie kuwa yake. Anaweza kuiweka kwenye jalada lake baada ya kuondoa jina la kampuni, nembo na takwimu zozote alizopewa kwa siri, na kuongeza aya moja juu ya maswali ambayo jopo lilimuuliza na mabadiliko aliyoyafanya kutokana nayo.